UZI: Punda wawili wa jaani Lamu, na safari ya kuwatafutia makao mapya

Nahodha_Langoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na salamu kwa wote.

Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwezi huu watu watatu wameniandikia faragha wakiuliza jambo lile lile: wameona punda aliyetelekezwa, wafanyeje? Nimeona nieleze hapa hadharani, na nianze na makosa yangu mwenyewe, kwa sababu moja kati ya hayo nusura limuue punda niliyedhani namwokoa.

Mimi ni mwenyeji wa Lamu, mtaa wa Langoni, kazi yangu ni mashua. Wasioujua mji wetu waelewe kwamba huku punda ndiye lori. Vichochoro vya mji wa kale havipitiki na gari, kwa hiyo mawe, mchanga, saruji, maji na vyombo vya harusi vyote hupita mgongoni mwa punda. Jioni kazi ikiisha wengi hufunguliwa wakatembea wenyewe kutafuta chakula. Kumkuta punda peke yake njiani si ajabu hapa, na hilo ndilo linalomponza aliyetupwa. Anapita kati ya watu mchana na usiku, na kila anayemwona anajua moyoni kwamba mwenyewe yuko.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani nilianza kumwona punda jike wa kijivu kwenye jaa nyuma ya mtaa wetu. Siku ya kwanza nilipita. Ya pili nikapita. Siku ya tatu alikuwa amesimama palepale na sikio moja limelala, nikamkaribia. Mgongoni, pale ule mstari mweusi wa msalaba unapopita mabegani, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisahani cha chai, pembeni ngozi imekauka kama ganda na katikati usaha. Mbavu unazihesabu. Kwato za mbele zimeota mpaka zimejikunja juu kama makubadhi, hata kukanyaga anakanyagia kisigino. Nzi wamemjaa machoni na hana nguvu ya kutikisa kichwa.

Hatua tatu kutoka kwake alikuwapo dume mzee, jicho moja jeupe. Nilimwona, lakini sikumtilia maanani. Kumbukeni hilo.

Nilimtia kamba yule jike nikaenda naye taratibu hadi kliniki ya punda iliyoko kando ya bahari, ile iliyoanzishwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza mwaka 1987. Sikudaiwa hata senti. Walimwosha, wakamchoma sindano, wakamkata kwato kidogo, wakaniambia nirudi naye baada ya siku tatu. Kisha mtabibu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Punda huyu ni wa nani?"

Nikasema hana mwenyewe. Akanitazama. "Punda asiye na mwenyewe hayupo Lamu. Mtafute."

Nilimtafuta siku mbili, nikiuliza kwa wabeba mchanga na vijana wa gatini. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyeanguka darini mwaka uliopita akavunjika nyonga, sasa anatembelea mkongojo. Kijana wake amenunua pikipiki, na punda hawakuhitajika tena. Mzee aliposikia habari aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikumtupa. Nimeshindwa hata kumpelekea mai (maji)." Yale maneno makali yote nikayameza. Tangu siku hiyo, kila ninapoitwa kwa punda wa namna hii naanza na mwenyewe, na mara nyingi nakuta ugonjwa, deni, au kazi iliyokatika. Katili wapo, lakini si wengi kama nilivyodhani.

Tuliandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili na nakala ikaenda kwa chifu. Punda akawa mikononi mwangu kihalali.

Sasa kosa. Nina jamaa yangu Matondoni mwenye shamba la minazi, kivuli kipo, kisima kipo. Nikampeleka huko nikiwa na furaha kubwa. Siku ya kwanza hakula. Nikasema ugeni. Siku ya pili alisimama ameelekea njia tuliyojia, hageuki, anatoa mlio mfupi mfupi kooni. Nikamletea pumba za mahindi ndoo nzima, nikidhani njaa ndiyo tatizo. Hakugusa, namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu baadaye nilielezwa kwamba pumba zile zingemmaliza haraka kuliko njaa.

Nilipiga simu kliniki. Swali la kwanza: "Alikuwa na mwenzake?"

Ndipo nikamkumbuka yule mzee wa jicho moja. Kwa mzee wa mkongojo nikaambiwa wamefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na mmoja. Nilimfuata usiku ule ule, nikamkuta amerudi palepale jaani ananusa mahali ambapo mwenzake alikuwa akilala. Tumetembea naye mpaka Matondoni, mimi na mpwa wangu na tochi, tukafika saa saba usiku. Kabla hatujafika ukutani alilia, na yule jike akamjibu kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Waliposimama pamoja, jike aliweka kidevu chake juu ya shingo ya mwenzake, wakakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainama akala nyasi.

Sasa ni miezi saba. Kidonda kimefunga, manyoya yameota meupe mahali pale. Naomba mwenye uzoefu aongeze, na mwenye swali aulize.

Bi_Mkomani

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Mimi nataka kusema habari ya jaa lenyewe.

Marehemu kaka yangu alikuwa na punda wake aliyevimba tumbo, akawa anajilaza na kujigaragaza, anajitazama ubavuni. Tulidhani amelishwa sumu. Alipokufa akapasuliwa, na tumboni ikatoka bonge la plastiki na kamba za nailoni limesukwa kama pepeo, gumu, hata kisu kinateleza. Hilo lilikuwa kabla ya serikali ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Mifuko imepungua kweli, lakini nyuzi za magunia na vifungashio vya peremende bado viko tele, na punda hula kwa sababu vina harufu ya chakula.

Mimi jikoni kwangu nina ungo mmoja wa maganda tu. Ndizi, tikiti, mabua ya mchicha. Jioni nauweka barazani, na punda wa mtaa wanaujua. Haina gharama. Kila nyumba ingefanya hivyo kusingekuwa na punda anayefukua mifuko.

Mtazamaji_Tu

Mleta mada, usinichukulie vibaya. Kuna watoto wanalala njaa kaunti hii hii, na wewe unahangaika na punda wa jaani, unawatafutia shamba lenye kivuli. Hii nguvu si ingeelekezwa kwa binadamu kwanza?

Nahodha_Langoni

Ndugu yangu, sikuchukulii vibaya, swali lako nimeulizwa hata na mke wangu.

Nenda asubuhi pale gatini uangalie. Kijana mwenye punda wawili anabeba mchanga kutoka majahazini, jioni anarudi nyumbani na unga, mafuta na ada ya madrasa. Punda akilala mgonjwa, nyumba nzima imelala. Yule mzee wa mkongojo amesomesha watoto watano kwa mgongo wa punda hawa wawili, na alinitajia mmoja mmoja kwa majina. Huwezi kumtenga mtoto na punda katika nyumba za namna hiyo. Na wakati wa njaa nani anayeleta maji kutoka mbali? Kina mama wa bara watakuambia: kama si punda, ni kichwa cha mama au cha binti aliyepaswa kuwa shuleni.

Halafu liko jambo jingine, nalisema bila aibu. Yule jike alinifanyia kazi hata kabla sijamjua. Saruji ya nyumba niliyozaliwa imepita mgongoni mwa punda kama yeye. Tuna deni.

Mganga_wa_Kwato

Mimi ni daktari wa mifugo, nipo Nakuru. Mleta uzi umeeleza vizuri, niongezee pale penye hatari, kwa sababu watu wenye moyo mzuri huua punda wengi kwa haraka yao.

Punda anayekondeana halafu akaacha kula kabisa yuko hatarini kwa njia ambayo ng'ombe hayupo. Mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo, yanajaa kwenye damu mpaka damu inakuwa na rangi ya maziwa, ini na figo vinashindwa. Inaweza kutokea ndani ya siku chache. Na sababu inaweza kuwa huzuni tu, kama ilivyokuwa hapo Matondoni. Punda hufunga urafiki wa wawili wawili, na kumtenganisha na mwenziwe ni jambo la kitabibu kabisa. Hata mmoja akifa, tunashauri mwenziwe aachwe karibu na maiti mpaka mwenyewe aondoke. Akinyimwa nafasi hiyo anaweza kuzunguka akimtafuta siku nyingi.

Chakula cha kuanzia: nyasi kavu au mabua, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na maji safi muda wote. Punda ni mnyama wa nyika kame, tumbo lake limeumbwa kwa majani makavu. Ukimjaza pumba au mahindi ghafla, unamletea msokoto wa tumbo au uvimbe ndani ya kwato ambao utamlemaza maisha. Kurudisha nyama mwilini ni kazi ya miezi.

Kidonda: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, osha mpaka uone nyekundu. Asali safi inafaa kupaka, watu wa zamani hawakukosea. Msiweke oili chafu ya gari wala majivu ya betri, nimeona vyote viwili na vinachoma nyama hai. Na kabla ya yote muulize mganga wa mifugo kuhusu sindano ya pepopunda. Wazee walioupa ugonjwa ule jina hilo walijua wanachokisema. Wanyama wa jamii ya punda na farasi hushikwa nao kirahisi kuliko karibu mifugo yote, na mlango wake ni kidonda cha msumari kwenye kwato au cha kamba mguuni. Ukiona punda amekakamaa, mkia umenyanyuka, masikio yamesimama na kile kigozi cha ndani kimefunika nusu ya jicho, usingoje kesho.

Kwato zilizoota kama makubadhi hazikatwi zote siku moja. Mishipa ya nyuma ya mguu imeshazoea vibaya, ukizikata ghafla unamwongezea maumivu. Punguza, ngoja wiki sita au nane, punguza tena.

La mwisho: punda haonyeshi maumivu. Mbwa atalia, farasi atajitupa chini, punda atasimama tu ametulia, watu waseme ana adabu. Punda aliyetulia kupita kiasi, amejitenga, ameinamisha kichwa, huyo mwangalieni.

Kibaigwa_Yetu

Wakuu, huku Dodoma punda wetu hawabebi mgongoni sana, wanavuta mikokoteni. Mazao, maji, matofali. Na vidonda vyetu viko shingoni badala ya mgongoni.

Sababu ni nira. Watu wanachukua nira ya ng'ombe wanamvika punda. Ng'ombe ana nundu inayozuia nira, punda hana kitu pale, ni mfupa na ngozi. Nira inacheza mbele na nyuma siku nzima mpaka inachimba. Punda anavuta kwa kifua. Tulifundishwa na mabwana mifugo kutengeneza mkanda mpana wa kifuani, unaushona kwa mikanda ya gunia au turubai, unaweka kitambaa laini ndani, na mwingine mwepesi mgongoni wa kuushikilia usishuke. Tairi la zamani likatwe lakini lisiguse ngozi.

Mimi nilikuwa na punda watatu wenye vidonda visivyopona miaka miwili. Nilipobadilisha mkanda, walipona mwezi mmoja na nusu bila dawa yoyote ya ajabu. Nimeumia sana kufikiri miaka ile miwili yote. Nilikuwa nawapiga kwa sababu hawataki kuvuta, kumbe wanakataa kidonda.

Swali langu kwa mleta uzi: huko kwenu mzigo unapimaje?

Nahodha_Langoni

Kaka wa Kibaigwa, ahsante sana kwa hilo la mkanda, nimelihifadhi.

Punda wetu wengi hawafiki kilo 150. Tulichofundishwa ni kwamba mgongo ubebe kama theluthi moja ya uzito wake, yaani mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, basi. Hali halisi utaona mifuko miwili. Na shogi, lile tandiko la kubebea mzigo pande mbili za punda, likiwa limechakaa, au limewekwa bila matandiko chini yake, uzito wote unakaa kwenye uti wa mgongo badala ya kugawanyika mbavuni. Kile kidonda cha kisahani kilikuwa juu ya uti kabisa. Shogi la zamani la ukili lilikuwa linapumua, haya ya sasa ya mifuko ya nailoni yanachemsha jasho na kukata.

Mogotio_Mkulima

Nimeusoma uzi huu mpaka machozi yamenilenga, kwa sababu mimi sikupata nafasi ya kumwokoa wangu.

Niko Baringo, karibu na Mogotio. Mwaka 2012 Kenya ilibadilisha sheria punda akawa mnyama wa kuchinjwa, na kuanzia 2016 vichinjio vikafunguliwa, mwishowe vikawa vinne: Mogotio hapa kwetu, Naivasha, Machakos na Lodwar. Nyama haikuwa shabaha. Ilikuwa ngozi, inapelekwa China kuchemshwa gundi inayoitwa ejiao, wanaitumia kama dawa na kipodozi. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima na anazaa mmoja. Fanyeni hesabu wenyewe. Sensa ya 2009 ilikuta punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2.

Mwaka 2018 tuliamka asubuhi kamba zimekatwa. Punda wawili. Tukafuata nyayo mpaka korongoni tukawakuta wamechunwa, ngozi tu imeondoka, nyama imeachwa kwa fisi. Mmoja alikuwa na mimba. Mama yangu alirudi kubeba maji mgongoni akiwa na miaka sitini na tatu, na hakulalamika, alinyamaza tu, na mimi niliona.

Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaitengua 2021. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika huko Addis Ababa wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Nilipoisikia redioni nilikwenda kumwambia mama.

Nasema haya kwa sababu ya neno moja kwa mleta uzi: unapompa mtu punda bure, uwe na hakika ya mikono inayompokea. Punda anayetolewa bila karatasi anaweza kuishia sokoni wiki hiyo hiyo.

Msafiri_Nevada

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Reno, Nevada, huku Marekani, mwaka wa kumi na nne sasa. Hilo la Mogotio linanifanya niandike, maana huku wamelipitia kwa farasi.

Jangwa la huku lina farasi wanaozurura, mustangi, na punda pia, wanawaita burro. Na punda hawa wametokea wapi? Wachimba madini wa karne ya 19 waliwatumia kubeba mawe na maji, migodi ilipofungwa na reli kufika wakawafungulia jangwani. Ni habari ile ile ya pikipiki ya Lamu, ila imekaa miaka mia na zaidi.

Kulikuwa na mama mmoja wa hapa hapa Reno, Velma Johnston, karani wa ofisi. Mwaka 1950 akiwa njiani kwenda kazini aliona lori linavuja damu, akalifuata, akakuta farasi wamesongwa ndani wakipelekwa kuchinjwa wawe chakula cha mbwa. Alipigana zaidi ya miaka ishirini, watoto wa shule nchi nzima wakaandika barua kwa wabunge, na mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kuwalinda farasi na punda wanaozurura kwenye ardhi ya umma.

Lakini kuwalinda ni jambo moja na kuwapatia nyumba ni jingine. Malisho hayatoshi, serikali huwakamata na kuwatafutia watu wa kuwachukua, na waliobaki mazizini ni zaidi ya 60,000. Mwaka 2019 wakaanzisha mpango wa kumlipa anayechukua mnyama dola 1,000. Nia ilikuwa njema. Ikaja kugundulika watu wanachukua wanne wanne, wanawaweka mwaka mmoja mpaka wapate hati, hela ikiingia wanawapeleka kwenye minada ambako wanunuzi wa machinjio wapo. Mwaka 2025 mahakama iliufuta mpango ule.

Mimi nina punda mmoja niliyemchukua kwa njia ya kawaida. Kabla ya kunipa walitaka kujua urefu wa ua wangu, futi nne na nusu kwa punda, sita kwa farasi mkubwa asiyefugwa, wakataka kuona kivuli na maji. Hati ya umiliki nilipewa baada ya mwaka, baada ya kuthibitishwa kwamba mnyama yu salama. Huo mwaka wa kungoja hati ndio ninaoupenda, ila lazima mtu aje kumwona mnyama hata baada ya hapo. Naye nilimchukua peke yake, kwa kutojua. Alikaa upande wa barabara wiki tatu. Leo ana mbuzi wawili anaolala nao, na nikirudi kazini usiku analia kabla sijazima gari. Nikimsikia nakumbuka Pongwe, kwetu Tanga.

Nahodha_Langoni

Msafiri, na wewe wa Mogotio, mmenigusa pale nilipokuwa nataka kufika.

Baada ya wale wawili tumeshapokea wengine tisa, mimi na vijana wanne, na jambo gumu kuliko vidonda limekuwa kumpata wa kumpa. Kila mtu anataka punda, lakini anataka wa kubeba. Huyu niliye naye hawezi kubeba tena.

Tunachofanya sasa ni hivi. Kwanza mwenyewe wa awali anaandika kwamba ameachia, mbele ya mashahidi. Bila hiyo karatasi usimguse mnyama wa mtu zaidi ya kumpa maji na kumwita mganga, kwa sababu sheria itakuita mwizi wa mifugo hata kama umemkuta anakufa. Ikiwa mwenyewe ni mkatili na hataki kusikia, Kenya tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayomgusa anayempiga, anayempakia kupita kiasi na anayemfanyisha kazi akiwa na kidonda. Nenda kituoni na picha na ofisa wa mifugo. Nimefika huko mara moja tu.

Halafu anayepokea haandikiwi kuwa mwenyewe. Anaandikiwa kuwa mtunzaji kwa mwaka mzima. Hauzi, hagawi, hapakii, na akishindwa anaturudishia bila kuulizwa kwa nini. Hilo la mwisho tuliliongeza baada ya familia moja kuona aibu kutuambia wameshindwa, wakamfungulia punda porini Kipungani, tukamkuta mguu umevimba. Tangu tuseme wazi kwamba kushindwa si kosa, tumerudishiwa wawili wakiwa wazima.

Tunakwenda kuwatazama bila kuaga. Mara ya kwanza wiki ya kwanza, kisha kila mwezi. Nikifika sianzi na punda. Naanza na ndoo ya maji: kama ina utando wa kijani, nimeshajua. Kisha kwato, kisha mgongo, kisha nakaa chini nimwangalie anavyomwangalia yule mtunzaji. Punda akimwona mtu akarudisha masikio nyuma na kusogea, hakuna karatasi itakayoniridhisha.

Na wawili hawatenganishwi. Kama nafasi ipo ya mmoja, basi nafasi haipo.

Bi_Mkomani

Huyo jike ana jina sasa?

Nahodha_Langoni

Bi, mtoto wa jamaa yangu wa Matondoni anamwita Shufaa. Dume anaitwa Mwandani. Mzee wa mkongojo aliletwa kwa mashua mwezi uliopita kuwaona. Shufaa alimjia moja kwa moja, akanusa mfuko wa kanzu upande wa kulia. Kumbe mzee alikuwa na desturi ya kuweka kipande cha muwa mfuko huo. Na siku hiyo alikuwa nacho.

Manda_Kisimani

Assalaam aleikum. Mimi ni mmoja wa wale watatu waliokuandikia faragha. Nimesoma yote. Huku kisiwani Manda yuko dume mmoja, kamba imeingia kwenye nyama ya mguu wa nyuma, anachechemea. Nimeshampata mwenyewe, amekubali kuandika. Na nimekwenda kuangalia kama ulivyosema: anaye mwenzake, jike mwenye mtoto anayenyonya. Kwa hiyo ni watatu. Sasa nafanyaje?

Nahodha_Langoni

Waaleikum salaam. Umefanya vizuri kuangalia.

Ile kamba usiikate mwenyewe, ikiwa imeshaota nyama itatoka damu nyingi na punda atakupiga teke kwa uchungu. Mpe maji, mkusanyie nyasi kavu, mweke kivulini wote watatu pamoja. Kesho naongea na kliniki. Jumamosi maji yanajaa saa nne asubuhi, nitakuja na mtabibu kwa mashua ndogo. Huyo dume akiweza kusafiri tutarudi na mashua pana ya mjomba, ile ya kubebea mawe, ibebe wote kwa safari moja. Mtoto atangulie kupanda, mama atamfuata, na dume atawafuata wote. Leta mashahidi wawili na kalamu.

Mganga_wa_Kwato

Nahodha, kumbusha kliniki wachukue sindano ya pepopunda. Kamba iliyoingia nyama ndiyo hiyo hiyo niliyosema.

Nahodha_Langoni

Nimeshaandika.